Leseni ya Upande wa Kushoto

Jina la nchi yenyewe silitaji. Kutaja majina ya nchi hadharani kunataka leseni, na yangu imekwisha muda wake. Bodi inayohusika imeahidi kukutana mara tu mwenyekiti atakaporudi kutoka kwenye semina ya kujifunza kukutana. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mlima, ina ziwa, na ina bodi. Ina Bodi ya Wapishi wa Shughuli, Bodi ya Wachimba Visima, Bodi ya Wabeba Majeneza, na hata Bodi ya Washika Miavuli, iliyoundwa siku moja ya mvua na haikuvunjwa jua lilipowaka. Raia wa huko hafanyi kazi mpaka bodi iseme anaijua, na bodi haisemi haraka, maana haraka ni dalili ya rushwa.

Basi katika nchi hiyo alikuwako kinyozi akiitwa Shomari Dihenga, mwenye kibanda katika soko la Mtondoo, jirani na wauza dagaa. Kibanda alikirithi kwa baba yake, na ndicho kilichomlisha yeye, mkewe Mwanaheri na binti yao Zulfa. Kunyoa alikujua, wateja walimpenda, ila leseni hakuwa nayo. Alikuwa na Kibali cha Kungojea, ambacho kilimruhusu kungoja huku akinyoa, au kunyoa huku akingoja, wanasheria wa nchi walikuwa bado wanabishana.

Tena alikuwa mtu wa shaka, Shomari huyu, jamani! Ukimwamkia vizuri anajiuliza unataka nini. Ukimwamkia vibaya anajiuliza nani kakutuma. Mteja akijitazama kwenye kioo akasema, "Safi sana, fundi," Shomari alimrudisha kitini akamkagua kichwa upya, maana sifa ya bure hakuwahi kuiamini.

"Wewe Baba Zulfa," mkewe alikuwa akimwambia, "siku ukifa utamdai malaika kitambulisho."

"Na kwa nini nisimdai?" Shomari alijibu. "Nitajuaje kama ni malaika wetu?"

Lakini kuhusu Bodi ya Vinyozi, hata mimi nisiyependa kusema watu nakiri kwamba shaka yake ilikuwa na msingi. Sheria ya zamani ilisema hivi: mtahiniwa atanyoa kichwa cha mjumbe mpaka mjumbe aridhike. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Tiberio Kashoro, kinyozi mstaafu, mtu wa kichwa kikubwa na ndevu za kuota upesi, na tatizo lake lilikuwa moja tu, haridhiki. Kila Jumamosi asubuhi Shomari alikwenda nyumbani kwake na wembe wake na povu lake, akamnyoa, akamkanda na mabega, na Mheshimiwa akajipapasa kidevu, akafumba macho kama paka aliyeshiba, akatamka, "Unaendelea vizuri, Shomari. Bado kidogo." Kisha akagonga muhuri kwenye Kibali cha Kungojea. Zulfa alikuwa bado mgongoni kwa mama yake mtihani ulipoanza. Sasa alikuwa mwari, na mtihani ulikuwa unaendelea.

Wala hayakuwa ya vinyozi peke yao. Nyumba ya mwenyekiti wa Bodi ya Maseremala ilikuwa na milango mingi kuliko kuta, yote ya watahiniwa. Nyumbani kwa mwenyekiti wa Bodi ya Wapishi jiko halikuwahi kuwashwa na mwenye nyumba, na mkewe alikuwa amesahau chumvi inakaa wapi. Watahiniwa walikuwa wengi, wachangamfu, na nchi ilisifiwa ng'ambo kwa kujali viwango.

*

Siku moja ikatangazwa Wiki ya Marekebisho. Waziri wa Marekebisho, Usimamizi na Mambo Yanayosubiri, Bibi Leokadia Msonde, akaja mwenyewe soko la Mtondoo. Wauza dagaa walihamishwa ili asisikie harufu, wakaletwa watu wengine wasimame badala yao na wajibu salamu kwa niaba ya wauza dagaa.

"Ndugu wananchi," Waziri akaanza, "tumefanya utafiti wa kina, na kina chenyewe tumekipima. Tumegundua jambo la kutisha. Bodi ya Vinyozi imejaa vinyozi!"

Watu wakaguna.

"Bodi ya Waashi imejaa waashi! Bodi ya Madereva, madereva! Nawauliza, mtu ataisimamiaje kazi ambayo yeye mwenyewe ameizoea? Si atapendelea? Si atakuwa na maoni?"

"Atakuwa nayo!" wakajibu waliosimama badala ya wauza dagaa.

"Basi kuanzia leo, katika nchi hii, hakuna atakayesimamia kazi anayoijua!"

Makofi yakalia mpaka kuku wa sokoni wakakata kamba. Waziri akasoma mpangilio mpya. Kwenye Bodi ya Madereva wataingia watu waendao kwa miguu. Bodi ya Waganga, watu ambao hawajaumwa tangu kuzaliwa. Bodi ya Wapishi, wagonjwa wa vidonda vya tumbo wanaoishi kwa uji. Na Bodi ya Vinyozi, kwa kuwa inataka watu wasio na maslahi yoyote katika nywele, itakuwa ya vipara watupu, chini ya Profesa Ubwa Mshindo, kipara wa kuzaliwa. Juu ya bodi zote litakuwako Baraza la Kuzisimamia, juu ya Baraza kutakuwa na Kamati ya Kulichungulia, na Kamati itachunguzwa na zile bodi, ili pasiwe na mtu hata mmoja asiyetazamwa.

"Na mwisho," akasema Waziri akikunja karatasi, "Kibali cha Kungojea kimefutwa. Wiki hii ikiisha, kibanda cha sokoni kitakuwa cha mwenye leseni kamili. Asiyekuwa nayo atampisha aliyenayo."

Shomari hakupiga makofi. Alisimama nyuma, mikono mifukoni, akihisi kibanda cha baba yake kinatikisika ingawa upepo haukuwapo.

"Haya, furahi basi," Mwanaheri akamwambia wakirudi nyumbani. "Si kutwa unalia na Kashoro? Leo kaondolewa."

"Kaondolewa, kapelekwa wapi?"

"Nitajuaje mimi? Kaondolewa!"

"Mama Zulfa, mtu kama yule haondolewi hivihivi. Kiti kikiondolewa hapa, kimewekwa pengine. Halafu yule mpwa wake, Gidioni, leo kapita kibandani kwangu."

"Kufanya nini?"

"Kupima mlango kwa mikono. Nikamuuliza, akasema anajinyoosha."

Mwanaheri akacheka, lakini kicheko kikafika katikati kikakoma.

*

Mtihani ulipangwa kwenye Ukumbi wa Uwazi, ambao madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mbao kwa ajili ya usalama. Wajumbe walikuwa wameketi mbele kwa mstari, vichwa vinang'aa. Watahiniwa wa soko la Mtondoo walikuwa wawili, Shomari na Gidioni mpwa wa Kashoro, kijana mpole aliyevaa koti jeupe jipya na ambaye, nasikia, alikuwa hajawahi kunyoa hata chungwa.

Profesa Ubwa akasafisha koo. "Bodi hii ilipata changamoto ya kisayansi," akasema. "Mtihani ni wa kunyoa. Wajumbe hatuna cha kunyolewa. Tukaunda kamati ndogo, ikapendekeza kinunuliwe kifaa cha mtihani. Zabuni ikatangazwa kwa uwazi humu ndani, akashinda mzabuni mmoja. Kiletwe!"

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mheshimiwa Tiberio Kashoro, nywele zimetimka, ndevu mpaka kifuani. Shingoni alivaa kibao kilichoandikwa: KICHWA CHA TAIFA. MALI YA SERIKALI.

Shomari akahisi damu inampanda. "Nilisema mimi!" akanong'ona, ingawa Mwanaheri wa kumsikia hakuwapo. "Nilisema!"

"Nataka ieleweke," Profesa akaendelea, "kwamba Bwana Kashoro hapa si mjumbe, si mwenyekiti, wala si mtu mwenye usemi. Ni kifaa. Kifaa hakitoi maksi. Kina mshahara, kina gari na nyumba ya kukihifadhia, basi."

Kifaa kikakaa kitini, kikamkonyeza Gidioni.

Shomari akaanza. Sasa hapa niseme jambo la vinyozi ambalo wengi hatulijui. Kwao, kichwa kikishaanzwa na kinyozi mmoja, hakiguswi na mwingine mpaka kiishe. Hata umeme ukatike, hata mwenye kichwa agombane na kinyozi, atarudi kwa huyohuyo amalizie, na kinyozi mwingine akimwona njiani na nusu kichwa atageukia ukutani. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni heshima tu, kama vile mtu haingilii sala ya mwenzake. Shomari alianza upande wa kushoto, kama alivyofundishwa na baba yake, na akauvuta wembe taratibu mpaka upande wote ukawa laini, mstari wa kisogo umenyooka, sikio halikuguswa. Akahamia kulia.

"Simama!" akasema Profesa.

"Bado upande mmoja, Profesa."

"Upande huo ni wa mwenzako. Kichwa ni kimoja, watahiniwa wawili. Hii ni serikali ya usawa."

Shomari akadhani hakusikia vizuri. "Profesa, kichwa nimekianza mimi. Kwetu sisi hakigawanywi. Mtu hanyolewi nusu!"

"Mila hiyo imesajiliwa?"

"Haijasajiliwa, ni ya..."

"Basi haipo. Kaa chini."

Gidioni akasogea, akamshika mjomba wake sikio kama mtu anayeshika sahani ya moto. Wembe ukapita, ukaruka, ukapita tena. Mara kifaa kikapiga ukelele, "Yallah! Unanichinja, mtoto wewe!"

Wajumbe wakatazamana. "Kifaa kimelia," akasema mmoja.

"Iandikwe kwamba kifaa kinafanya kazi," akasema Profesa.

Alipomaliza, upande wa kulia ulikuwa na mabaka, vichaka viwili vitatu, na plasta. Wajumbe wakakizunguka kile kichwa na vioo vya kukuzia. Wengi wao hawakuwa wameona nywele kwa karibu tangu ujanani, na mmoja akauliza kwa unyenyekevu kama zile zilizobaki ndizo zilizonyolewa au ndizo zisizonyolewa. Wakaingia chumba cha ndani, wakala, wakatoka.

"Uamuzi," akasoma Profesa. "Bodi haina shaka kwamba mtahiniwa Shomari Dihenga anaweza kunyoa upande wa kushoto. Kuhusu kulia, hakuna ushahidi. Bodi haiwezi kubahatisha na vichwa vya wananchi. Anapewa leseni kamili ya upande wa kushoto. Mtahiniwa Gidioni ameonyesha moyo. Anapewa leseni kamili ya upande wa kulia."

"Na kibanda?" Shomari akauliza.

"Kibanda ni cha mwenye leseni kamili. Nyote mnazo."

*

Mgambo wakaja na chokaa, wakapiga mstari sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye kioo, na kiti kikawekwa juu ya mstari. Kushoto Shomari, kulia Gidioni, na masoko mengine ya nchi yakagawanywa vivyo hivyo. Magazeti yakaandika kwamba marekebisho yamezidisha ajira ya vinyozi maradufu bila kuongeza kichwa hata kimoja.

Shida ilikuwa Gidioni hafiki. Akifika leo, kesho ana semina. Shomari alinyoa upande wake vizuri, akakunja taulo, akamwambia mteja, "Ngoja mwenzangu," na mteja akangoja mpaka akachoka, akaenda zake nusunusu. Wiki za mwanzo watu walivaa kofia. Bwana harusi mmoja aliingia kanisani kwa ubavu. Shomari aliyaona hayo akaumia, na si mara moja wembe ulivuka mstari kidogo, ukaparaza nywele mbili tatu za kulia kisha ukarudi upesi, na jasho likamtoka.

"Si umalizie tu?" Mwanaheri alimwambia. "Nani atakuona?"

"Nani hatakuona, uliza hivyo. Yule muuza vitunguu wa pale mbele, umemwona anavyouza? Hauzi yule. Anatazama."

"Anatazama vitunguu vyake, mume wangu."

"Mama Zulfa, wakikichukua kibanda tutakula nini? Nusu si haba. Niache na nusu yangu."

Basi ikawa hivyo. Na binadamu tunazoea, ndugu zangu. Mwaka haujaisha, nusu kichwa ikawa ndiyo heshima ya mtu. Picha za vitambulisho zikapigwa nusu. Waziri akasema bungeni kwamba taifa limepata sura yake, wabunge wakapiga meza, wote wakiwa wamenyolewa kushoto. Hapo Baraza la Kusimamia Bodi likakumbuka kwamba nalo lina wajibu wa kusimamia kitu, likatoa onyo: mtu yeyote atakayeonekana amenyolewa pande zote mbili sawasawa atachukuliwa kuwa amenyolewa na kinyozi asiye na leseni. Kichwa cha namna hiyo kikapewa jina, Kichwa cha Kutiliwa Shaka. Kila kinyozi akakabidhiwa filimbi ya kupuliza akikiona.

Shomari aliipokea ile filimbi kwa vidole viwili, akaipindua, akachungulia ndani. "Kwa nini wamenipa mimi?" akajiuliza. Akaitundika msumarini, asiiguse.

Lakini Profesa Ubwa alipita sokoni akamsifu. "Fundi Shomari," akasema mbele za watu, "nimeambiwa wewe una jicho. Humwamini mtu. Nchi ilikuwa inakuhitaji siku zote, ila haikujua." Akamshika mkono. Maisha yake yote hiyo shaka yake ilikuwa ya kuchekwa, na sasa mtu mkubwa anaiita kipaji! Shomari alijaribu kuitilia shaka ile sifa, kama ilivyo kawaida yake, akakuta safari hii imemwingia. Filimbi ikatoka msumarini ikaja shingoni.

Akawa anakaa mlangoni wateja wakipungua, anapitisha macho kwenye visogo vya watu. Huyu sawa, nusu. Huyu sawa. Yule kofia ya nini na jua hakuna? Alijua sasa, kwa kutazama tu, wembe wa nani umepita wapi, na utamu wa kujua ukamkolea. Mara ya kwanza alipopuliza ilikuwa kwa mgeni asiyemfahamu. Mara ya pili alipuliza kwa muuza vitunguu.

*

Ikawa siku ya posa ya Zulfa. Shemeji yake Shomari, Hamdani, kaka wa kuzaliwa wa Mwanaheri, alikuwa amekuja toka shamba tangu jana yake ili amsimamie mpwa wake mbele ya wakwe. Shomari hakuwa amemwona, maana alichelewa kurudi kwa sababu ya kikao cha vinyozi wenye filimbi, na alfajiri akawahi sokoni. Mchana Hamdani akaona si adabu kukaa nyumbani kwa mtu bila kumpa mkono mwenye nyumba. Akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaja sokoni, dada yake nyuma na kapu la chakula cha mumewe.

Shomari alikuwa mlangoni. Aliona kanzu nyeupe inakuja katikati ya watu, akaona kichwa juu ya kanzu. Kichwa kizima. Kimenyolewa kushoto, kimenyolewa kulia, pande mbili zinalingana, kisogo kimenyooka, sikio halikuguswa. Tangu wakati wa baba yake hakuwa ameona kazi nzuri hivyo. Na wazo la kwanza lililomjia halikuwa kwamba ni nzuri.

"Nani kamnyoa huyu?"

Filimbi ilikuwa imeshalia kabla macho hayajashuka kwenye uso.

"Shemeji!" Hamdani alikuwa anasema, mikono imenyooshwa, anatabasamu. "Shemeji, habari za..."

Mgambo wakamfikia hapohapo. Mmoja akampapasa kichwa, huku na huku, akatikisa chake kwa huzuni. "Pande zote mbili," akasema. "Twende."

"Ngojeni!" Shomari akapiga hatua moja, akafika kwenye mstari wa chokaa, akasimama. "Ngojeni, huyu ni... Shemeji, nani kakunyoa? Sema tu ni nani, watakuachia! Sema!"

Hamdani akamtazama, tabasamu bado limemganda usoni. Wakamchukua, kanzu yake imekunjana kwapani. Sokoni watu wakainamia bidhaa zao.

Mwanaheri alikuwa amesimama palepale na kapu lake. Hakupiga kelele. Akamsogelea mumewe mpaka karibu kabisa, mpaka Shomari akaona unywele mfupi mweusi umemnasa kwenye ukucha.

"Nimemnyoa mimi," akasema. "Asubuhi, uani. Nilikutazama miaka yote hiyo ukimnyoa baba yangu, nikadhani nimesahau. Posa ya mwanao, sikutaka kaka yangu akae mbele ya wakwe na nusu kichwa. Nikadhani kwako wewe, shemeji yake, hana la kuogopa."

Filimbi, ambayo Shomari alikuwa bado ameishika, ikamponyoka, ikabaki inaning'inia kifuani.

"Haya, puliza tena," mkewe akamwambia. "Niko hapa."

Hakupuliza. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kuona nani amesikia.

Mwanaheri aliyaona macho yake yanavyozunguka, akatikisa kichwa polepole.

"Hongera, Baba Zulfa," akasema. "Sasa umefaulu."

Akalibeba kapu lake la chakula, akawafuata mgambo.